Bei ya Maumivu ya Mzee Twahir

Mzee Twahir, muuza vitenge wa Gisenyi, ni mcha Mungu. Zaka yake huitoa pasipo kupunguza hata chembe. Ila wanadamu wenzake hajapata kuwatajia bei ya kweli kwa mara ya kwanza. Alipokuwa akienda Goma, ng'ambo ya mpaka, kununua marobota, alianzia chini kiasi cha kuwafanya wenye mali wamwombee dua ya akili.

Ameishi na virusi vya UKIMWI miaka kumi na minane, akimeza vidonge kwa uangalifu wa mtu achungaye nyakati za sala, na virusi vikatii. Mwaka huu saratani ikaingia katika mifupa ya mgongo. Madaktari walipoona haiponyeki, walimrudisha nyumbani; na kila Jumanne muuguzi Kampire, aliyekulia Tanzania, humjia na chupa ya mofini ya maji ya kutuliza maumivu.

"Mzee, kutoka sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi leo?"

"Tatu, binti yangu. Tatu ya kawaida."

Kwa adabu aliyofunzwa, Kampire aliandika tatu, na kipimo cha dawa kikabaki kilekile. Majuma mawili yakapita hivyo, na mzee hakupata usingizi. Aliuma ncha ya shuka hadi alfajiri. Jumanne iliyofuata ikatajwa tatu nyingine. Mkewe, Bi Rayhana, akamvuta muuguzi uani.

"Mwanangu, we unaandika tu? Uyu mutu, bei ya kwanza ya mudomo wake usiamini. Baba yangu aliomba ng'ombe ya mahari, ye akasema kuku! Donc, basi, patana naye bei."

Kampire akarudi, akaketi. "Mzee, tatu siichukui."

Macho ya mzee yakang'aa, jambo lisiloonekana tangu afunge kibanda chake cha vitenge. "Bon. Ine, naongeza moja."

"Tisa."

"Tisa! Unataka kunizika mbele ya adhuhuri? Tano, sababu unaheshimu wazee."

Kampire, ambaye hajapata kuuza hata nyanya, akafunga mkoba, akaelekea mlangoni. Mguu mmoja ulikwisha kuvuka kizingiti sauti ilipomfuata.

"Rudia huku, rudia! We mutoto iko na roho nguvu. Nane. Bei ya mwisho."

Bi Rayhana, aliyekuwa akisikiliza kutoka uani, akacheka hadi ushungi ukamwanguka. Kampire hakucheka; alirudi, akamshika mzee mkono. "Kwa nini ulinificha?"

Mzee akautazama ukuta. "Mi nilizani kumi ndiyo mwisho. Nikifika kule mbio, siku mbaya yenyewe ikikuja, dawa itakuwa imeisha. Nilikuwa nabakisha."

"Mzee wangu, dawa hii haina dari. Maumivu yakipanda, nayo tunaipandisha. Nami nitakuja."

Mzee akatafuta hila katika maneno hayo kama apimaye kitambaa kwa vidole. Hakuiona.

"Basi ongeza moja," akasema polepole. "Andika tisa."

Kampire akampigia daktari simu, akapata idhini, akaongeza kipimo. Kabla ya alasiri mzee alikuwa akikoroma, na Bi Rayhana ameketi mlangoni akiwarudisha wageni mmoja mmoja, hata imamu aliyekuja kumsomea mgonjwa dua.

"Umuombee kule kwako, sheikh," alimwambia. "Hapa mutu analala."