Upande wa Kaka kwenye Sahani ya Kitimoto

Kila Jumapili mimi na kaka yangu tulitoka kanisani Blacktown, hapa Sydney, tukapanda treni hadi Strathfield, kwenye mgahawa mmoja wa Wakorea wenye meza nane tu. Kila mtu na bakuli lake la supu ya tambi, nyekundu, kali ya kutoa kamasi, na katikati sahani moja ya kitimoto, nyama ya nguruwe ya kukaanga. Sisi tulilelewa kwenye sinia, na kwenye sinia kila mtu anakula mbele yake. Kaka hakuwa na haya. Akishamaliza upande wake ananiambia, "Mdogo wangu, hebu ona mvua ile," nami nikigeuka tu, kinyama changu kimekwenda.

Akaenda Tanga kumwona mama, wiki tatu tu. Mipaka ikafungwa kwa ajili ya korona. Kila tiketi ya kurudi aliyokata ilifutwa, mwaka ukapita, akaugua kifua, akafa. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimekaa kitandani kwangu Doonside na sare ya kazi, maana nilikuwa nimetoka zamu ya mchana kwenye nyumba ya wazee. Picha ilikwama mara mbili.

Kwetu mfiwa hapiki. Watu huja, wanapika, wanakaa naye. Lakini Sydney nayo ilikuwa imefungwa na kutembeleana kumekatazwa. Watu wa kanisani walipiga simu: "Pole sana, tuko pamoja." Pamoja wapi? Wiki nzima nilikula mkate na chai. Sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi, nikaenda kazini, nikarudi.

Migahawa ilipofunguliwa nilirudi Strathfield peke yangu. Nikaonyesha cheti cha chanjo mlangoni, nikaagiza supu na kitimoto cha watu wawili, kwa sababu cha mtu mmoja hawauzi. Supu iliniwasha midomo. Nilijua inawasha, basi. Nikala upande wangu wa sahani, upande wa pili sikuugusa. Mama mwenye mgahawa, mtu wa makamo, alitujua, na safari ya kaka aliijua. Akaitazama sahani, akauliza kama kaka amerudi.

"Bado," nikasema.

Alisikitika, akanifungia vile vipande nimpelekee akifika. Jumapili iliyofuata akauliza tena, nikajibu vilevile. Uongo ule haukuniuma hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumapili ya tatu alikuja na kopo la kufungia chakula mkononi kabla sijamaliza kula. Mipaka imefunguliwa, akasema, sasa atakuja lini? Nikamwambia kaka amefariki. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo kwa sauti.

Hakusema pole. Aliweka kopo chini, akavua barakoa, akaketi kwenye kiti cha kaka. Akachukua vijiti, akala kipande kutoka upande ule. Kwa kile cha kwanza nilimchukia. Akala cha pili, cha tatu, polepole, wala hakuvuka kuja upande wangu. Mlangoni wateja walikuwa wamesimama wakingoja meza, na jikoni mtu alikuwa anamwita. Hakuinuka mpaka sahani ikaisha.