Nilivyokwenda Kuposa na Kibali cha Bangi

Haya nayasema mwenyewe kabla hamjayasikia kwa mwengine, maana Maskati ni mji mdogo na Waswahili wake hawana siri: ni kweli, nilikwenda kuposa na kibali cha bangi, chenye muhuri, kimefasiriwa kwa Kiarabu, na aliyekisoma kwa sauti ni baba wa msichana mwenyewe, askari mstaafu.

Kwanza mnijue. Mimi niliondoka Unguja na begi moja, nikafika Toronto kwenye baridi ya kukata masikio, mchana nikibeba makasha ghalani na jioni nikisoma, mpaka nikapata diploma ya mitambo ya viyoyozi (peke yangu, bila ya mjomba wala mfadhili, na sijisifu, nnaeleza tu). Ghalani humo humo nikaangukiwa na kasha, pingili mbili za mgongo zikaharibika, na dawa za kawaida zikashindwa hata kunipa usingizi. Ndipo daktari akaniandikia bangi. Msishtuke. Kule, miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, serikali ilikuwa imeanza kuwaruhusu wagonjwa wa maradhi makubwa, na unapewa karatasi yenye jina lako na muhuri. Nikaitumia mwaka na nusu, nikapasuliwa, nikaiacha, nikarudi Oman alikotoka babu yangu.

Sasa hapa kazi ya serikali inataka vyeti vifasiriwe Kiarabu. Nikapeleka faili langu mtaa wa Al Khuwair kwa mfasiri mmoja wa Kisudani, mzee mwenye miwani mizito. Diploma ilikuwa moja, na moja peke yake nikaiona nyembamba, basi nikamwaga vyote: cheti cha huduma ya kwanza, cha kuendesha folklifti ya kubebea makasha, cha kuogelea, na kile kibali. Mzee akakishika, akanitazama juu ya miwani.

“Na hiki pia, yaa waladi, mwanangu?”

“Kila chenye muhuri, ustadh.”

Akachukua kalamu, akafasiri. (Kiarabu changu ni cha sokoni, kukisoma nababaisha, lakini nani angekiri.)

Wakati huo nilikuwa nikimtaka Zuwena, mwalimu wa Mabela, skuli moja na shangazi yangu. Babake, Bwana Khalfan, alikuwa ameshawarudisha waposaji wawili, mmoja kwa sababu alichelewa dakika kumi. Akikukataa yule bwana, umekataliwa, hurudi tena. Ami Salim, mume wa shangazi, ndiye aliyenipeleka, na garini akanambia, “Suleiman, leo kazi yako ni kunywa kahawa na kutazama zulia. Nitasema mimi.” Nikamwambia sawa, faili likiwa kwapani.

Tumekula halwa, tumekunywa kahawa, Ami Salim kaniremba mpaka mwenyewe nikajitamani, na Bwana Khalfan akauliza kwa upole, “Na kijana kasomea nini?” Ami Salim alifungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshafungua faili.

Bwana Khalfan akasoma diploma, akaridhika. Akafika kwenye kuogelea (“Unaogelea?” “Daraja la pili, ami.”). Halafu akasita, akarudia mstari, akaugeuza kwa Kiswahili polepole kama anayemsomea mtu mashtaka: “Mwenye karatasi hii ameruhusiwa kuwa na bangi na kuivuta.”

Kiyoyozi kikasikika kinanguruma, na hata katika hali ile nikasikia kuwa feni yake imelegea.

“Ni dawa,” nikasema.

“Miaka ishirini na sita nimekamata watu,” akasema Bwana Khalfan, “na wote walikuwa wagonjwa.”

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaeleza. Nikaeleza kuwa mgonjwa mpya haanzi kwa pupa, anaanza na kidogo mno na kungoja, na kuwa ile ya kula huchelewa, hata saa mbili, na asiyejua hudhani haikushika akaongeza, kisha ikamshukia yote kwa pamoja (mimi ilinishukia kwenye biskuti ya pili, nikalitolea salamu friji), na kuwa huendeshi gari, na moyo unaweza kukwenda mbio, na daktari lazima azijue dawa zako nyengine, na unaifungia mbali na watoto. Nikanogewa, mikono ikaanza kufundisha. Ami Salim akanifinya paja, nikadhani ananipa moyo.

“Na kwa magoti inafaa?” akauliza babu yake Zuwena kutoka pembeni, na sote tulidhani amelala.

“Baba, tafadhali,” akasema Bwana Khalfan.

“Nauliza tu. Magoti ni yangu.”

Bwana Khalfan akaniinamia. “Na yenyewe iko wapi, mwanangu?”

Hapo nilikumbuka jinsi nilivyokaribia kuileta. Siku ya kufunga mabegi nilikuwa na mkebe uliobakia, nikasema karatasi nnayo, nani atanigusa. Mama mmoja mfamasia wa mtaani kwetu Toronto ndiye aliyenambia, “Karatasi hii inakufa mlangoni mwa ndege. Huko uendako wataiona bangi, karatasi hawataiona.” Niliudhika sana, lakini nikafanya alivyonielekeza.

“Nimeitupa kule kule, ami. Nimeichanganya na maji na mchanga wa choo cha paka.”

“Cha paka?”

“Wa jirani.”

Bwana Khalfan akakiinua kile kibali. “Na hii karatasi umeitia humu kwa nini?”

Nikamwambia kweli. “Ilikuwa na muhuri mzuri.”

Babu ndiye aliyeanza kucheka, kisha Bwana Khalfan akavua miwani akafuta macho. “Mvutaji huficha,” akamwambia Ami Salim. “Huyu kaenda kwa mfasiri. Kesho nitampeleka mwenyewe akapimwe mkojo.”

Nikapimwa, mkwe mtarajiwa kasimama nje ya mlango wa choo. Majibu yalipotoka safi nilikaa kwenye ngazi za hospitali, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu, maana ule mkebe ungekuwemo begini leo ningekuwa nawasimulia kutoka jela. Basi mgonjwa wenu huko nje akiandikiwa, mwambieni: aanze na kidogo, amsikilize daktari, na kabla ya kusafiri aulize sheria ya anakokwenda. Mimi nimeapa, karatasi ya ugonjwa haitatoka tena kabatini.

Jioni ya siku ya majibu Zuwena akapiga simu. Yote ya sebuleni aliyasikia kutoka chumba cha wanawake, na mimi nilijiandaa kwa kejeli.

“Mgongo wenyewe bado unauma?” akauliza.

Watu wote wale, na mimi na maelezo yangu, hakuna aliyeligusa hilo. Nilitaka kujibu kiume. Nikasema, “Unauma. Hasa nikikaa sana sakafuni.”

“Basi siku ya nikaha,” akasema, “nitawaambia wakuwekee kiti.”