Siku Mama Alipowakaribisha Watu wa Orodha

Kosa la mama yangu lilikuwa kupokea wageni vizuri. Nasema hivyo bila mzaha, maana mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Mwaka ule Nakivale nzima, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, ilikuwa inazungumza jambo moja: chakula hakitagawiwa tena kwa wote. Huko mbali kwa wafadhili watu wanapiga kura, wakubwa wapya wanafunga mfuko, na huku kwetu kipimo cha maharage kinashuka. Hakuna aliyetuuliza. Tuliambiwa kila nyumba itatembelewa, vitu vyake viandikwe, kisha tupangwe kwa makundi: wenye shida sana, wenye shida kiasi, na wanaojiweza. Wanaojiweza wangefutwa.

Siku waliyokuja kwetu sikuwepo. Nilikuwa Mbarara nachagua vitenge vya kuuza, biashara ndogo ambayo mvua ikinyesha wiki mbili hakuna anayekutazama. Nyumbani alibaki mama na wanangu wawili. Asubuhi mwenyekiti wa kijiji akapita akisema wageni watafika mchana.

Kwetu Kivu ya Kusini, kule Kongo, mgeni hakuti nyumba tupu. Utaazima, utahangaika, lakini atakaa kwenye kiti na atakunywa kitu. Basi mama akaenda kwa jirani yetu Mrundi, mwenye duka, akaazima viti vinne vya plastiki, meza, chupa ya chai na redio ya sola. Akafagia ua, akavaa kitenge chake cha kanisani, akakaanga mandazi kwa mafuta yote tuliyokuwa nayo. Watu wa orodha wakakaa, wakala, wakashukuru, wakaandika.

Niliporudi jioni nilimkuta anatabasamu. "Bageni balifurahi sana," akaniambia. "Balisema nyumba yetu iko muzuri."

"Mama, uliwaambia vitu ni vya jirani?"

"Nitaambia mugeni kiti anaikalia ni ya kuazima? Haya iko wapi?"

Orodha ilipobandikwa, tulikuwa kundi la wanaojiweza. Jirani mwenye duka, ambaye siku ile nyumba yake haikuwa na hata kiti kimoja, akabaki kwenye chakula. Nilicheka, lakini kilikuwa kicheko cha hasira. Yeye simlaumu, alitusaidia kwa moyo mweupe.

Nikaanza kufuatilia. Mara nne nilifika kwenye meza ya malalamiko, na mara nne nikarudishwa: mtandao umekatika, karatasi hii siyo, anayehusika yuko mkutanoni, njoo Jumanne. Siku zangu za soko zote zikaishia kwenye foleni. Wakati huo watoto wanakula uji mara moja kwa siku, na wakubwa wanatuhubiria kujitegemea kwenye kishamba kisichotosha hata mbuzi kugeuka. Mwishowe wakasema aje mama mwenyewe, kwa kuwa kadi ya mgao ina jina lake.

Njiani nilimsihi aseme ukweli. Tulipofika, nyuma yetu kwenye foleni walisimama watu tunaosali nao kila Jumapili. Dada wa mezani, Mganda, hakuwa mtu mbaya. Akamwuliza mama kwa upole, "Mama, kwa siku moja nyinyi nakula mara ngapi?"

Mama akajinyoosha. "Tunakulaka mara tatu."

Dada akashika kalamu aandike. Nikaona mwezi mwingine unapita, na mwingine.

"Anadanganya!" nikasema kwa sauti. "Mama yangu anadanganya. Jana hakutia kitu mdomoni. Chakula chake anawaachia watoto."

Dada akaandika. Mama hakunitazama. Alikaza kitambaa chake cha kichwa, akaaga kwa adabu, na tukarudi nyumbani. Nilikuwa na haki, na nilijiona mchafu.

Mwezi uliofuata tulirudishiwa chakula. Mama akausonga ugali wa unga ule wa mgao, akawapakulia watoto, akanipakulia na mimi. Nikamwambia naye ale, maana ugali ulikuwa umebaki wa kutosha.

"Mimi nilishashiba," akasema.

Miezi imepita, na kila unga wa mgao unapopikwa, jibu lake ni hilo hilo.