Jicho Moja la Mtajiju na Mhehe wa Pancha

Mzee Sosthenes anaziba pancha za malori pale Igawa, kando ya barabara kuu, na ana mbwa mwenye jicho moja anaitwa Mtajiju. Lingine lilitemewa mate na nyoka, swila, likafa. Hilo lililobaki ndiyo linalinda matairi, jeki, kompresa na, ukiwauliza majirani, nusu ya Igawa. Sasa mwaka huu, kwenye kope la hilohilo jicho moja, kikaota kinyama.

Kilianza kama punje ya ulezi. Kikawa kama harage. Mbwa akipepesa, kinamsugua jicho, kama wewe utembee na mchanga kwenye soksi. Machozi yanachuruzika, tongotongo za njano, anajikuna mpaka unaona huruma. Na Igawa kila mpita njia ni daktari. Kifunge uzi, kitadondoka chenyewe. Mwoshe na maziwa ya mama anayenyonyesha. Haya, nani aende kwa mke wa mtu kuomba maziwa ya mbwa? Watu mnashauri kabla ya kufikiri.

Lutengano, kijana wa Kinyakyusa anayechomelea mageti banda la pili, yeye alileta chupa ya dawa ya macho aliyobakiza siku alipopigwa na cheche. Mzee akaweka. Wekundu ukapungua, wote wakashangilia, Lutengano akaanza kutembea kama profesa. Halafu jicho likaanza kufanya ukungu. Profesa akarudi kuchomelea.

Hapo ndiyo mzee akampigia daktari wa mifugo, Dokta Pendo wa Chimala. Dada alivyofika akamdondoshea mbwa rangi ya kijani jichoni, akamsafisha, akamulika.

"Unaona pale rangi imeng'ang'ania? Kidonda hicho, kimeanza kwenye kioo cha jicho. Nani kakupa hiyo dawa?"

"Ni ya binadamu, daktari."

"Na huyu unamwona ni binadamu? Hiyo inatuliza wekundu tu, kidonda chenyewe inakichimba. Tupa." Akampa matone mengine. "Alhamisi asubuhi niletee Chimala nikikate hicho kinyama. Jumatano jioni asile kitu, maana nitamlaza kwa dawa. Akiwa na chakula tumboni atatapika, kiingie kwenye mapafu, afe. Na tafuta ndoo nyepesi, utoe kitako, tumvalishe shingoni asijikune."

"Tukichelewa je?"

"Kidonda kikitoboa jicho, mzee, una mbwa kipofu."

Kwa hiyo ishu ni hiyo. Jicho moja, halina spea.

Sasa kuna kitu kingine. Mzee Sosthenes ni Mhehe, kwao Tosamaganga. Na Mtanzania yeyote aliyefika hata chekechea ameshasikia utani wa Wahehe na nyama ya mbwa. Ushahidi hakuna, lakini utani hauchoki. Lutengano kila asubuhi anaanza nao: "Kamwene, mzee! Huyo ni wa Pasaka au wa Krismasi?" Mtu mwenye akili angenuna yaishe. Mzee anajibu: "Wa Krismasi. Bado hajanona. Wewe nitakuwekea mkia."

Umejibu hivyo miaka yote, halafu unategemea siku moja watu wajue huu siyo utani?

Jumatano jioni, Mwanaidi anafunga biashara. Huyu ni mama lishe wa ng'ambo ya barabara, baba yake alitoka Tanga kufuata mchele akanogewa. Mwanaidi mbwa hamgusi, hata kivuli chake anakikwepa. Lakini macho anayo. Akaona Mtajiju kafungwa kamba. Akaona sahani yake imefunikwa juu ya kompresa. Akaona ndoo mpya. Akaona mzee amekaa kwenye tairi, ananoa kisu. Na kila mtu anajua mnyama wa kuchinja halishwi siku ya mwisho, utumbo uwe mwepesi.

"Mzee Sosi, mbona leo mwenzio hali?"

"Kesho asubuhi ana shughuli."

"Shughuli gani?"

Mzee akacheka, meno yote nje. "Wewe andaa vitunguu tu."

Huyo ndiyo mzee wetu. Jicho liko hatarini, mdomo haujali.

Mzee alivyoingia ndani kuoga, Mwanaidi akavuka barabara na sufuria. Kanga kaikusanya isiguswe, akasimama mbali, akarusha. Wali, maharage, vichwa vya samaki. "Kula baba," akamwambia, "angalau uondoke umeshiba."

Alhamisi Lutengano akawapakia kwenye kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, hadi Chimala.

"Amekula?" Dokta Pendo akauliza.

"Tangu jana mchana hajala, nakuapia."

Akapigwa sindano ya kwanza ya kulegeza. Haikupita muda Mtajiju akainamisha kichwa, akamwaga karamu nzima juu ya viatu vya daktari.

Dokta akaangalia chini. "Mzee. Hiki ni kichwa cha sato."

"Sijui kimetoka wapi!"

"Kimetoka kwa mbwa. Mrudishe. Njoo Jumamosi, na ukinidanganya tena tafuta daktari mwingine. Ukungu umeongezeka, unaona mwenyewe."

Kurudi Igawa, mbwa kashuka kwenye gari anayumba kama mlevi, lakini mzima. Mwanaidi akatupa mwiko, akaja mbio.

"Alhamdulillahi! Umeghairi!"

"Nimeghairi nini?"

"Kumla! Mimi ndiyo nimemlisha jana, na nitamlisha tena! Mlinzi wetu wote yule, unamtia mchuzi kweli, mtu mzima?"

Mzee akakaa chini, palepale kwenye vumbi. Lutengano kacheka mpaka kashika nguzo.

"Mwanaidi," mzee akasema polepole, "nilikuwa nampeleka hospitali. Kisu kilikuwa cha kukata kitako cha ndoo. Ule wali wako unamtoa jicho."

Mama wa watu akamgeukia Lutengano. "Na wewe na Krismasi yako, nyamaza! Leo utani umefungwa hapa."

Ijumaa jioni Mwanaidi ndiyo alilinda. Alihamisha kigoda mpaka bandani, mwiko mkononi. Dereva wa lori alitaka kumrushia Mtajiju mfupa, akafukuzwa hadi kwenye usukani. Jumamosi akapanda kirikuu, mbele, na kuagiza kwamba mbwa akae nyuma na pua yake aelekeze Igawa walikotoka.

Safari hii mambo yakaenda. Kinyama kikatoka na kipande kidogo cha kope, akashonwa, akavalishwa ndoo. Wiki mbili alitembea Igawa anagonga matairi ya malori kama fundi anayekagua upepo.

Siku ya kutoa nyuzi walirudi wote Chimala. Dokta akavua ndoo. Ukungu umepungua, ila kumebaki kovu jeupe katikati. Dokta akachukua kidonge cha pamba, akakiachia mbele ya mbwa. Pamba haina sauti, haina harufu, asiyeona hawezi kujua imepita.

Mtajiju akatulia tuli.

"Haoni," Mwanaidi akanong'ona. "Nimemuua jicho mtoto wa watu."

"Ngoja," Dokta akasema. Akaachia nyingine, pembeni kidogo.

Kichwa kikageuka. Mdomo ukafunguka, kap! Pamba ikadakwa hewani na kumezwa.

"Dokta, amekula pamba!" mzee akapiga kelele.

"Itatoka kesho."

"Na jicho?"

"Jicho linaona, mzee. Akili ndiyo sina dawa yake."