Maji ya Husna Angani

Bi Mwaija wa Ngombezi hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Alizaliwa Handeni mwaka wa njaa, akaolewa Ngombezi na mtu wa korona, ile mashine inayochuna mkonge na vidole vya watu pamoja, na alimzika mumewe akiwa na vidole vyake vyote. Mwanamke wa namna hiyo ndege ingemtisha nini? Kilichomtoa jasho siku ile, amekaa dirishani na mkanda umembana tumbo, ni simu iliyokatika.

"Mama, mtoto amekingama tumboni. Leo hii wananiingiza kupasuliwa. Mama, nifungulie..."

Hapohapo mhudumu akasema simu zizimwe, na ndege ikaondoka Dar es Salaam kuelekea Maskati.

Aliyelia kwenye simu ni Husna, kitinda mimba wake. Na hilo neno "nifungulie" Bi Mwaija alilielewa mpaka kwenye mifupa. Kwao, mtoto anapokwenda mbali, mama hutia maji mdomoni, akampulizia kifuani na kumtamkia heri. Mama mwenye kinyongo huyazuia maji yake, na wazee walisema binti aliyenyimwa maji uzazi wake huwa mgumu. Husna hakupuliziwa. Aliaga kwamba anakwenda harusini Tanga, kumbe wakala wa kazi za Uarabuni ameshamkatia tiketi. Mama mtu akapigiwa simu kutoka hukohuko Uarabuni, unga wa ugali ukiwa mkononi. Baadaye Husna akaolewa kulekule na Mustafa, dereva mzaliwa wa Korogwe, akaanza kuyaomba maji yake. Kila alipoomba alijibiwa, "Maji hayapulizwi kwenye simu. Njoo nyumbani." Mimba ilipomchosha, Mustafa akaona bora mama ndiye amfuate. Sasa mama yuko njiani, na kisu kimemtangulia.

"Shikamoo mama. Mbona watetemeka? Ndege inakutisha?" Aliyeuliza ni jirani yake wa kiti, Naisenya, Mmasai wa Handeni anayefanya kazi za ndani Maskati, aliyekuwa akirudi kutoka likizo.

"Marahaba. Baba zenu walikuja kuchukua ng'ombe wa babu yangu usiku na hatukutetemeka, sembuse ndege!"

"Ng'ombe wote ni wetu, mama. Walikuwa wanawarudisha tu."

Bi Mwaija alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Akamweleza habari yote. Naisenya akagusa kioo kilichokuwa mgongoni mwa kiti cha mbele, ikatokea ramani na kindege kidogo juu yake. "Tazama, sisi ndio hawa. Na lile doa kule ndiyo Maskati."

"Mbona hakiendi?"

"Kinaenda, mama. Ni mbali."

Ng'ambo ya njia mwanamume mmoja, ameziba masikio kwa visikilizio, alikuwa akicheka peke yake kwa sinema. Bi Mwaija akamwona kama mtu anayecheka msibani. Akarudi kwenye kindege. Hakijasogea. Mtu anaweza kufa na kuzikwa, kile kidude kikiwa palepale juu ya bahari!

Naisenya alipokwenda msalani, Bi Mwaija akachukua kikombe cha maji alicholetewa. Akatia funda mdomoni, akasogeza uso, na pale penye doa la Maskati akapuliza, pfuuu! "Husna, nimekufungulia!"

Maji yakatiririka mpaka kwenye ukingo wa chini. Picha ikacheza, ikawa mistari, ikazima.

Moyo wake nao ukataka kuzima. Imezima palepale Maskati. Mhudumu akaja na kitambaa, akafuta, akabonyeza na kubonyeza, kioo kikabaki cheusi kama chungu.

"Mama! Umeifanya nini televisheni ya watu?" Naisenya alikuwa amerudi.

"Nimempulizia mwanangu, na kimezima. Niambie ukweli, mtoto wangu, ndiyo ishara?"

"Ishara ya maji kuingia kwenye umeme. Hiyo ni picha tu, haifiki popote. Lete simu yako. Humu ndani mna wifi."

"Huku juu? Inapita wapi?"

"Inarushwa kutoka juu zaidi. Ila sauti haipiti, yanapita maandishi tu."

"Haya ni maneno ya mdomoni. Hayaandikwi."

"Basi yasubiri mpaka tushuke?"

Bi Mwaija akatazama kioo cheusi. Naisenya alipokwisha kuiunganisha simu na kutaka kumwandikia, akampokonya. "Nilimaliza la saba mimi, tena kwa fimbo." Akaandika kwa kidole kimoja: *Husna mwanangu. Kinyongo changu nimekitema. Njia yako nyeupe. Tokeni salama wewe na mtoto. Mama yako.*

Akatuma. Ikatokea alama moja, ikakaa. Mtandao ukapotea, ukarudi, ukapotea. Akakumbuka alivyojibu kila mara, "Njoo nyumbani," kwa raha ya mtu aliyeshinda. Akaombea alama ile ya pili, ya ujumbe kufika, kama mtu anavyoombea mvua.

Ikaja. Nyuma yake jibu, lakini la Mustafa: *Mama, simu yake ninayo mimi. Nimemsomea mlangoni. Amesema amina. Wameingia naye.*

"Muulize," Bi Mwaija akasema, akimsukumia Naisenya simu. "Hiyo amina ameisema kwa nguvu au kwa kuzimia?"

"Jamani mama!"

"Muulize!"

Naisenya akaandika. Wakangoja, vichwa vimegusana juu ya simu, mpaka likaingia: *Kwa nguvu. Akasema nikwambie maji ya mdomo bado anayadai.*

Bi Mwaija akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mwambie atayapata," akasema. "Ila atoke humo kwanza."