Darasa la Kusema Sina

Kila Jumapili baada ya ibada huwa nafundisha Kiingereza katika ukumbi wa kanisa letu, hapa Merigi. Wanafunzi wangu ni akina mama waliokuwa wakichuma chai huko Kericho hadi mashine zikaletwa, nao wakarudishwa nyumbani. Sasa wanatafuta kazi za ndani Uarabuni, na wakala anayewatafutia kazi hizo anataka wajue Kiingereza. Sijui kwa nini bado najisumbua.

"Mwalimu, hiyo 'a' inafanya kazi gani?" aliniuliza mmoja wao, mama wa mtoto wa miaka mitatu hivi. "Mtoto si ni mtoto tu?"

Nilieleza 'a', nikaeleza 'the', mpaka mate yakanikauka. Hakuna aliyeelewa, na mwishowe hata mimi nikaanza kujitilia shaka. Kukanusha kulikuwa afadhali. Niliwaambia kila mtu ataje kitu asichokuwa nacho, na hapo hakuna aliyekwama. "I do not have a cow." "I do not have a job." "I do not have a husband." Tulicheka sana, kicheko cha kujikaza tu.

Zamu yake ilipofika, yule mama alimpakata mtoto wake vizuri, akasema, "I do not have a child."

Kila neno lilikuwa mahali pake. Sote tukamtazama mtoto. Akatueleza kwamba wakala amemwambia matajiri wa huko hawataki mwanamke mwenye mtoto mdogo, eti atalia kila siku akiomba kurudi kwao. Angehojiwa kwa simu wiki hiyo.

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake huwekwa kando. Anaitwa mama wa fulani, hata na mamake mzazi.

"Mnisaidie," akatuomba. "Msiniite Mama nani tena. Wakinipigia simu na mtu aniite hivyo huko nyuma, nimekwisha."

Alipita mahojiano hayo. Jumapili iliyofuata alikuja kutuaga, mtoto akiwa amemshika sketi. Nilikuwa na hasira, wala sikujua nimkasirikie nani. Ningemwambia asiende, lakini ningempa nini badala yake? Basi nikamwita kwa jina lake la ubatizo, kama alivyotaka, aje mbele tumwombee.

Mtoto akageuka kutazama mlangoni, aone ni nani anayeitwa.