Tanuri Lililovishwa Kitenge

Maabara yetu ya metali ilikuwa na tanuri moja la umeme, nalo lilikuwa bado ndani ya sanduku lake la mbao. Lililetwa kama msaada, likawekwa pembeni kungoja wakubwa waje kulizindua. Wakubwa hawakuja. Mtu fulani akalivisha kitenge, na tangu hapo, kila mwanafunzi akitetea kazi yake ya mwisho, soda na sambusa za majaji zilipangwa juu yake. Nimekuwa asistani pale, yaani mhadhiri msaidizi, miaka minne, na moto pekee niliouona ni wa kuchemsha chai ya mkuu wa idara.

Ikatangazwa nafasi moja ya masomo ya shahada ya udaktari ng'ambo, ya kuchunguza alumini inayoyeyushwa upya. Niliitaka kuliko kitu chochote. Baba yangu ndiyo kazi yake hiyo, kule mtaani Cimpunda: hununua pistoni na sufuria zilizotoboka, huziyeyusha kwa makaa ndani ya shimo, kisha humimina kwenye kalibu za mchanga, zikatoka sufuria mpya. Hachovyi kipimo chochote, huchovya kijiti kikavu. Kikifuka moshi papo hapo, alumini iko tayari. Makopo ya bia huyakataa, anasema yanageuka majivu. Mimi, binti yake, nimemimina pamoja naye tangu utotoni.

Niliyaandika yote hayo katika barua ya maombi. Mkuu wa idara, mwanamume mwenye tai nyingi na mikono isiyo na hata alama moja ya kuungua, akaisoma na kalamu nyekundu mkononi.

“Maman, weye iko asistani, haiko fundi wa masufuria,” aliniambia. “Ile mambo ya Cimpunda itatupatisha haya.”

Akafuta ukurasa mzima, akaniamuru niandike kwamba tuna tanuri la kisasa. Nilimdharau kutoka utosini hadi kwenye viatu vyake vinavyong'aa. Kisha nikaenda nikaandika alivyotaka.

Siku ya mahojiano, profesa mmoja mama alinitazama kutoka kwenye skrini, akauliza tanuri letu linafikia joto gani. Nikamsomea namba niliyoinakili kutoka kwenye sanduku. Akauliza tena, polepole, kama nimewahi kumimina metali kwa mikono yangu mwenyewe. Nilivuta shati lifunike kovu la kuungua kwenye kifundo cha mkono. Nikajibu kwamba hapana, kwetu kazi hiyo ni ya mafundi. Akaandika kitu, akanishukuru.

Baada ya wiki mbili walijibu kwamba wamemchukua mtu aliyezoea karakana. Mkuu wa idara alisema wazungu wana watu wao. Mpumbavu yule sina tena nguvu ya kumchukia, kwa sababu uongo ule haukutoka kinywani mwake.

Ninachoshindwa kusahau ni mchana uleule wa mahojiano. Nilipitia karakana ya baba, nikamkuta anachekecha mchanga. Akataka kujua wameniuliza nini. Nikamwambia waliuliza kama nimekwisha kumimina alumini kwa mikono yangu. Jibu langu sikulisema.

Baba akaweka chekecheo chini, akajipangusa mikono.

“Basi iko yako ile nafasi, mutoto wangu,” akasema, na akatoka kwenda kuwaambia majirani.